Funguo za programu za takwimu ziingizwe daftarini

Mtu akiingia katika ofisi yoyote ya serikali humu nchini ataona kwamba kila kiti kimeandikwa nambari mgongoni kwa rangi. Meza ina nambari, kabati la faili lina nambari, hata saa ya ukutani huenda ikawa na yake. Gari lenye kibao cha GK halipaswi kutoka langoni kabla dereva hajapata kibali cha safari kilichotiwa sahihi na mkubwa wake. Utaratibu huo haujauzuia wizi wote, lakini umetusaidia kujua kilicho chetu na kilichopotea. Hata hivyo, iko mali nyingine ambayo bei yake yaweza kuzidi ya viti vyote vya ofisi hiyo, nayo aghalabu haimo katika daftari lolote. Mali hiyo ni ufunguo wa programu ya kuchanganulia takwimu.

Twasema ufunguo, lakini si wa chuma. Ni mfululizo wa herufi na tarakimu ambao kampuni iliyoitunga programu humpa mnunuzi baada ya kulipwa. Bila mfululizo huo, programu kama SPSS, Stata, SAS au MATLAB haifunguki, au hufunguka kwa siku chache za majaribio kisha ikajifunga yenyewe. Nazo hizi ndizo zana ambazo wataalamu wa afya, wa kilimo, wa benki na wa vyuo vikuu huzitegemea ili kujua ni watoto wangapi hawajachanjwa, mavuno ya mahindi yameshuka kwa kiasi gani, au ni mikopo ipi ambayo huenda isilipwe. Takwimu hizo zikichelewa, dawa hupelekwa pasipohitajika na mbolea hufika mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Hebu tuchukue mfano wa idara ya takwimu katika hospitali kubwa. Leseni ya mwaka mmoja inanunuliwa katika wiki za mwisho za Juni, kwa pupa, maana mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na kila mkuu wa idara anaogopa kurudisha fedha Hazina. Muuzaji anautuma ufunguo kwa baruapepe ya kijana wa kompyuta, kwa sababu yeye ndiye aliyejaza fomu, na anwani aliyoiandika ni yake binafsi. Kijana anauingiza ufunguo katika kompyuta tatu na kazi inaendelea. Mwezi wa Februari anapata ajira kwingine, anaagwa kwa chai na mandazi, anakwenda zake. Mwezi wa Aprili diski ngumu ya kompyuta moja inakufa. Fundi anaweka mpya, anaipachika programu upya, nayo inajibu kwamba ufunguo umekwisha kutumika mara zote zilizoruhusiwa. Idara inamwandikia muuzaji. Muuzaji anajibu kwamba hawezi kuzungumza na mtu ambaye si mwenye akaunti. Takwimu zimo, kompyuta imo, mtaalamu yumo, na umeme, kwa bahati, umo. Kazi haifanyiki.

Msomaji asidhani kwamba twatia chumvi. Waliowahi kufanya kazi katika miradi ya utafiti wataitambua hadithi hii, kila mmoja kwa majina yake. Na sababu ya kujirudia kwake ni kwamba wengi wa wale wanaoidhinisha ununuzi wa programu hizi hawajaelezwa namna ufunguo unavyofanya kazi. Wao hudhani wamenunua kitu, kama vile mtu anunuavyo kiti. Kwa hakika wamenunua ruhusa, na ruhusa hiyo ina masharti.

Mtumiaji anapouandika ufunguo kwa mara ya kwanza, programu haitazami herufi tu. Huichunguza kompyuta yenyewe, ikachukua alama za vipande vyake vya ndani, kisha ikavituma pamoja, ufunguo na alama, kwa seva ya kampuni huko ng'ambo. Seva hiyo ina hesabu yake. Ikiwa ufunguo uliruhusiwa kompyuta tatu na hii ni ya pili, seva hupunguza nafasi moja na kurejesha kibali ambacho programu hukihifadhi ndani ya kompyuta. Kitendo hicho wataalamu hukiita kuamilisha. Tangu hapo kibali ni cha kompyuta ile na si nyingine. Ukikinakili na kukipeleka kwenye kompyuta ya jirani, programu itaona alama hazilingani na kukataa. Sehemu kubwa ya kompyuta ikibadilishwa, programu yaweza kudhani kwamba imehamishwa, na kukataa vilevile.

Basi kama kuna kuamilisha, kuna na kinyume chake. Kabla ya kompyuta kustaafishwa, kufanyiwa matengenezo makubwa au kupewa idara nyingine, mtu anapaswa kuiamuru programu iurudishe ufunguo, ili seva ya ng'ambo iiongeze ile nafasi moja. Amri yenyewe haichukui dakika mbili. Lakini ni nani anayeikumbuka siku kompyuta kuukuu zinapopakiwa katika lori kwenda mnadani? Ziko ofisi ambazo zimeuza kompyuta kwa bei ya chakula cha mchana, pamoja na leseni iliyogharimu maelfu ya shilingi, na mnunuzi hakujua alichokipata wala muuzaji alichokipoteza. Hatari hii imezidi siku hizi ambapo seva nyingi si mitambo ya kushikika bali ni za kukodi, zinazoundwa asubuhi na kufutwa jioni kwa kubofya mara moja. Kila seva inayofutwa kabla ya kurudisha ufunguo huondoka na nafasi yake, na kampuni isipobembelezwa kuifungulia, nafasi hiyo haionekani tena.

Jambo lingine dogo ambalo limewatoa jasho mafundi wetu ni saa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo, mviringo kama sarafu, ambayo hulinda tarehe umeme unapozimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta ikiwashwa hurudi miaka mingi nyuma. Programu yenye leseni ya muda huitazama tarehe, na ikiona mwaka umerudi nyuma hushuku kwamba mtumiaji anajaribu kuidanganya ili leseni isiishe. Inajifunga. Afisa anapiga simu huku na huko akidhani kwamba leseni imeibwa, ilhali dawa ni betri ya shilingi chache na kuiweka saa sawa. Katika nchi ambayo umeme hukatika bila taarifa, na ambamo kompyuta nyingi za ofisi za umma zimekula chumvi, hili ni jambo la kufundishwa waziwazi katika mafunzo ya makarani wa takwimu.

Kuna pia wale walio mbali na intaneti ya kuaminika, au ambao seva zao zimefungiwa zisiwasiliane na nje kwa sababu zinahifadhi habari za wagonjwa. Hao wasiambiwe kwamba hawawezi kuamilisha. Kampuni nyingi zina njia ya pembeni: programu hutoa faili ya ombi, faili hiyo hubebwa kwa diski ya mfukoni hadi kwenye kompyuta yenye intaneti, hupelekwa kwa kampuni, na jibu hurudishwa kwa njia iyo hiyo. Ni kazi ya saa moja ikiwa mtu anaijua, na ya wiki tatu ikiwa haijui. Tatizo ni kwamba maelekezo yake yameandikwa kwa Kiingereza kizito cha mafundi, na sehemu inayohusika huwa katikati ya kitabu ambacho hakuna aliyekichapisha.

Taasisi kubwa, hasa vyuo vikuu, hununua leseni za kuazimana. Seva moja ndani ya chuo hushikilia, tuseme, nafasi 20, na kila mwanafunzi anayefungua programu huazima moja na kuirudisha anapoifunga. Mpango huu ni wa busara, kwa sababu watu 200 waweza kuhudumiwa na nafasi 20 mradi wasije wote kwa pamoja. Kasoro yake ni tabia zetu. Anayekwenda kula akaiacha programu wazi anashikilia nafasi ambayo mwenzake anaisubiri mlangoni. Msimamizi wa seva aweza kuweka kanuni ya kuirudisha nafasi iliyolala kwa nusu saa, lakini kwanza sharti awepo msimamizi, na awe anajua kwamba seva hiyo ipo.

Tumeligusa suala la muda. Ziko leseni za mwaka na ziko za kudumu, na mnunuzi asikimbilie moja bila kuipima. Ya mwaka ikiisha imeisha. SAS, kwa mfano, hutoa maonyo kwa muda kisha hukoma. Ya kudumu haifi, lakini huzeeka. Waliokuwa na Stata 12 yenye leseni ya kudumu waliendelea kuitumia bila kudaiwa chochote, lakini Stata 13 ilipotoka mwaka 2013 ilikuja na muundo mpya wa faili ambao toleo la 12 halikuweza kuusoma, na Stata 14 ya mwaka 2015 ikaubadilisha tena. Mtafiti wa Eldoret aliyetumiwa faili na mwenzake wa Ulaya ilimbidi amwombe aihifadhi kwa muundo wa zamani. Kwa hiyo hata wa kudumu hana budi kutenga kitu kidogo cha kujiongezea matoleo mapya kila baada ya miaka kadhaa.

Hapa ndipo bajeti inapoingia, na hapa ndipo wakubwa wetu wanapostahili lawama nyingi kuliko mafundi. Leseni ya mwaka hununuliwa kama kwamba ni gharama ya mara moja. Mwaka wa pili unapofika haimo katika makadirio, na mkuu wa fedha huuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini kitu kilichokwisha kununuliwa kinanunuliwa tena. Isitoshe, bei zake nyingi hutajwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika takriban Sh160, na kabla ya Aprili ikawa imeshuka hadi karibu Sh130. Leseni ya dola 1,000 ilitofautiana kwa Sh30,000 katika majira hayo mafupi. Ofisi iliyosubiri mpaka siku ya mwisho haikuwa na nafasi ya kuchagua wakati wa kulipa.

Nyingi ya leseni hizi, tusifichane, hazijawahi kulipiwa na walipa kodi wa Kenya. Zimelipiwa na miradi ya wafadhili. Mradi huja na magari yake, kompyuta zake na funguo zake. Ukifungwa, magari hukabidhiwa kwa sherehe na hotuba, lakini funguo, ambazo zimeandikishwa kwa jina la shirika la ng'ambo, hufa kimyakimya mwaka unapoisha. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipoikata misaada yake ya kigeni, ule mpango wa uchunguzi wa afya na idadi ya watu ambao umekuwa ukiisaidia Kenya tangu mwaka 1989 ulisimamishwa ghafla. Nchi nyingi zikajikuta zikiuliza ni nini kilichokuwa chao katika kazi hiyo na ni nini kilichokuwa cha kuazima. Swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza.

Na hata anayelipa kwa fedha zake hana hakika kamili, maadamu seva inayokubali au kukataa iko katika nchi ya watu. Mwezi wa Juni mwaka 2020, wanafunzi na wahadhiri wa Harbin Institute of Technology nchini Uchina walijikuta hawaruhusiwi tena kuitumia MATLAB, baada ya serikali ya Marekani kukitia chuo hicho katika orodha ya taasisi zisizouziwa teknolojia bila idhini yake. Hatusemi kwamba Kenya iko karibu na mkasa kama huo. Tunasema kwamba anayeitegemea zana ambayo mwingine aweza kuizima akiwa mbali, yafaa awe na nyingine stoo.

Iko nyingine. Programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, imekuwa ya bure tangu mwaka 1995 na haina ufunguo wowote. Python nayo ni ya bure. PSPP inazifungua faili za SPSS bila malipo. R yaweza kuzisoma faili za SPSS, Stata na SAS zote. Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo mjadala huu wote ni wa kupoteza wino: tuziache programu za kulipiwa, tufundishe R, basi. Tunawaunga mkono nusu ya njia. Vyuo vikuu vyetu vingepaswa kuwa vimelifanya hilo zamani, na mwanafunzi anayehitimu takwimu bila kuijua R amedhulumiwa. Lakini wizara yenye maafisa wenye umri wa miaka hamsini, waliojifunza SPSS na wanaoijua vilivyo, haibadilishwi kwa waraka mmoja. Halafu si kila kitu kinachoizunguka R ni cha bure. Kampuni ya Posit, ambayo hadi mwaka 2022 iliitwa RStudio, hutoa chombo cha bure kwa mtu mmoja mmoja, lakini seva zake za kitaalamu kwa timu nzima huuzwa, na zina ufunguo wa kuamilishwa na kurudishwa kama tulivyoeleza. Anaconda, ambayo kwayo wengi huipata Python, ilibadilisha masharti yake mwaka 2020 na kuyataka mashirika ya kibiashara yenye watu zaidi ya 200 yalipe. Wengi walikuwa wamejenga juu ya kiwanja wasichokisoma hati yake. Bure nayo ina leseni, na leseni husomwa.

Linabaki jambo ambalo huzungumzwa kwa minong'ono. Si siri kwamba karibu na vyuo vingi mna vibanda ambamo mwanafunzi aweza kuwekewa SPSS iliyovunjwa kufuli kwa bei ya sahani ya pilau. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi, pamoja na riwaya na mashairi (jambo ambalo huenda likawafurahisha watunzi wetu), na kuinakili bila idhini ni kosa. Hatuna haja ya kumhubiria mwanafunzi ambaye chuo chake kimempa kazi ya utafiti bila kumpa zana ya kuifanyia. Lawama yake tunaigawa nusu kwa nusu na chuo. Tunachokihofia zaidi ni afisa wa umma. Programu ya ofisi ikijifunga na ripoti inatakiwa Ijumaa, kishawishi ni kuzibeba takwimu katika diski ya mfukoni hadi kwenye kibanda kile. Humo katika takwimu mna majina ya wagonjwa, umri wao, kijiji chao na maradhi yao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalikataza jambo hilo waziwazi, na programu zilizovunjwa kufuli ni kiota kinachojulikana cha virusi vya kompyuta. Hivi ndivyo ufunguo uliopotea kwa uzembe wa karani unavyoweza kuishia katika siri ya mama mja mzito kutoka.

Kwa hiyo twazitaka taasisi za umma, kuanzia wizara na kaunti hadi vyuo vikuu na hospitali, zizitie funguo hizi katika daftari la mali kama zinavyofanya kwa magari. Daftari lionyeshe programu gani, toleo gani, nafasi ngapi, kila nafasi iko katika kompyuta ipi, na siku ya kuisha. Akaunti iandikishwe kwa anwani ya ofisi, isiyokufa mtu anapohama, na watu wawili angalau wawe na uwezo wa kuifungua. Ufunguo wenyewe usibandikwe ukutani kwa karatasi ya manjano, kama tunavyosikia unavyobandikwa kwingine. Ufungiwe panapofungiwa hati nyeti. Fomu ya kuondolea kompyuta kazini iongezwe mstari mmoja unaouliza kama leseni zimerudishwa, na fomu ya kumwachisha mtumishi kazi iongezwe mwingine kama huo. Malipo ya mwaka ujao yaingizwe katika makadirio siku ile ile leseni inaponunuliwa, na tarehe ya kuisha isiachwe iangukie Juni, wakati sanduku ni tupu, wala Desemba, wakati ofisi ni tupu.

Takwimu zenyewe zisifungiwe ndani ya programu moja. Kila kazi inapomalizika, nakala ihifadhiwe katika faili sahili ya maandishi ambamo tarakimu hutengwa kwa mkato, pamoja na karatasi ya kueleza maana ya kila safu. Faili kama hiyo itasomeka hata miaka 30 ijayo, na mashine yoyote.

Hazina Kuu nayo ina sehemu yake. Zabuni za programu zingali zikiandikwa kwa lugha ya zabuni za samani: idadi, bei, siku ya kufikishwa. Ziandikwe upya, zimlazimu muuzaji aeleze kwa maandishi ufunguo ni wa muda gani, unaruhusu kompyuta ngapi, unarudishwaje kompyuta ikiharibika, unaamilishwaje pasipo intaneti, na atachukua siku ngapi kujibu ofisi inapokwama. Leseni iandikwe kwa jina la taasisi, si la mradi wala la mtumishi. Muuzaji asiyekubali masharti hayo asipewe kazi, hata bei yake ikiwa ya chini kuliko zote.